Duka la zana za uvuvi ambalo halikufunguliwa: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha mume na mke walioishi katika mji mdogo kando ya ziwa, ambao kwa miezi mitano walipima kama watumie akiba yao yote kufungua duka la zana za uvuvi. Niliwasaidia kupiga hesabu, nikaendelea kuwatembelea mwaka mzima baada ya uamuzi, na wao wenyewe wamekubali kisa chao kiandikwe ili wengine wenye wazo kama lao wapate pa kuanzia.

Majina ya watu, ya mji na ya ziwa yameondolewa. Fedha zote zimegeuzwa kuwa mafungu, na fungu moja ni sawa na pango la mwezi mmoja la chumba kilichokusudiwa kuwa duka. Uwiano wa tarakimu umebaki kama ulivyokuwa katika daftari lao, hivyo msomaji anaweza kuweka pango la mahali pake na kuifuata hesabu bila kupotea.

Usuli

Mume alikuwa fundi wa injini za mashua, mwenye miaka arobaini na ushei, ambaye amevua samaki kwa mshipi tangu utotoni na anajua kila jabali lililojificha chini ya maji ya gati la mji ule. Mke alikuwa mtunza hesabu katika duka la dawa. Kazi ile ilimzoesha kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi, na kutazama kopo lolote lililoko rafuni kwa swali moja: limekaa hapo tangu lini? Nalitaja hili mapema kwa sababu, nikiangalia nyuma, naona kwamba uzoefu wake wa dawa zinazoisha muda ulikuwa na manufaa katika kisa hiki kuliko uzoefu wa mumewe wa samaki.

Wazo lilitokana na mambo matatu yaliyotokea katika mwezi mmoja. Chumba kilicho hatua mia mbili kutoka gatini kilibaki kitupu. Duka la karibu lenye zana za uvuvi lilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari, na kila mvuvi wa mji ule alikuwa na malalamiko juu ya safari hiyo. Kisha msambazaji mmoja wa jumla akampa mume orodha ya kifurushi cha kuanzia, yaani mali kamili ya duka dogo, iliyokwisha kuchaguliwa, kwa mafungu 28. Akiba yao ilikuwa mafungu 40. Mume aliona kwamba akinunua kifurushi hicho atabakiwa na mafungu 12 ya kutengeneza rafu, kulipia pango na kusubiri wateja, na wateja aliwaona kwa macho yake kila Jumamosi: watu wapatao thelathini, wamejipanga gatini na fimbo zao tangu kabla ya jua kuchomoza.

Wavuvi wa ziwa lile walikuwa wa namna mbili, na kutowatenganisha ndiko kulikoleta matumaini makubwa mwanzoni. Wapo waliovua kwa mshipi na fimbo siku za mapumziko, kwa kupenda. Wapo waliovua kwa nyavu usiku ili waishi, ambao walipakua samaki kwenye mwalo ulio upande wa pili wa mji. Mume aliwahesabu wote kama wateja wa duka moja.

Hesabu ya kwanza na ya pili

Hesabu ya kwanza ilitosha nusu ukurasa. Pango ni fungu 1 kwa mwezi. Umeme, ulinzi, leseni, usafiri wa mali na upotevu ni fungu 0.8. Jumla ni 1.8. Msambazaji alikuwa amemwambia kwamba kwa wastani bidhaa za kifurushi huuzwa kwa nyongeza ya asilimia 50, naye akagawanya 1.8 kwa 0.5, akapata 3.6. Akahitimisha kwamba akiuza mafungu 3.6 kwa mwezi duka litajilipa, na kila kitakachozidi hapo kitakuwa chake.

Ndani ya mistari hiyo michache kuna makosa mawili, nami nimeyakuta kwa wafanyabiashara wengi wanaoanza, wakiwamo wenye elimu kubwa. La kwanza ni kuchanganya nyongeza ya bei na faida iliyomo katika mauzo. Bidhaa iliyonunuliwa kwa 100 na kuuzwa kwa 150 imeongezewa asilimia 50 juu ya gharama, lakini ile 50 ni theluthi tu ya fedha zinazoingia mkononi. Kwa hiyo kila fungu moja la mauzo lingemwachia theluthi ya fungu ya kulipia gharama, wala si nusu.

Kosa la pili liligunduliwa na mke alipoisoma karatasi ile. Aliuliza: "Baba watoto, ukisimama dukani tangu asubuhi hadi jioni, injini za watu atazitengeneza nani, na sisi tutaishi kwa nini?" Kazi ya ufundi ilimwingizia mume mafungu 1.7 kwa mwezi, na duka lingemnyima karibu yote. Fedha hizo hazikuonekana katika karatasi kwa sababu hakuna mtu ambaye angempelekea ankara ya kuzidai, ila zingetoweka mwezi wa kwanza tu wa kufungua duka.

Hesabu ya pili ikawa hivi: gharama 3.5 kugawanya kwa theluthi moja, jibu 10.5. Chumba ni kile kile na msambazaji ni yule yule, lakini kiwango cha mauzo cha kurudisha gharama kilipanda kutoka mafungu 3.6 hadi 10.5 kwa mwezi, karibu mara tatu. Hapo ndipo waliponijia, wakiwa na swali moja: je, mji huu una mafungu 10.5 ya kununulia ndoana?

Wiki sita gatini

Nilipendekeza wasimwulize mtu yeyote kama angenunua katika duka lao. Mvuvi mwungwana atajibu ndiyo, kwa kuwa anampenda fundi wake na angependa duka liwe karibu, na jibu hilo halina uzito wa fedha ndani yake. Badala yake walibeba daftari na maswali matatu: mara ya mwisho ulinunua nini cha kuvulia, lini, na wapi. Walikwenda gatini Jumatano, Jumamosi na Jumapili, kwa muda wa saa mbili alfajiri na saa mbili jioni, kwa wiki sita. Pamoja na kuuliza, walihesabu vitu vilivyopotea majini au kuharibika mbele ya macho yao.

Asubuhi moja inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mzee mmoja aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na pembeni yake kulikuwa na kopo la maziwa lililojaa ndoana zilizofungwa katika karatasi yenye mafuta ili zisishike kutu. Mshipi wake uliponasa katika mwamba hakuuvuta kwa hasira. Aliuzungusha kwenye kijiti mara nne ili usimkate vidole, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akauvuta ukiwa umenyooka hadi ulipokatika kwenye fundo la ndoana. Alipoteza ndoana na chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia ndoana, ambacho cha dukani huwa cha madini ya risasi, lakini mshipi wote ulirudi. Kufikia saa mbili asubuhi alikuwa amepoteza ndoana tatu na chubwi tatu, na mke aliandika sita katika safu ya vitu vilivyopotea. Kisha mume akainama kutazama chubwi ya nne ikifungwa, akaitambua: ilikuwa nati ya chuma, na ilitoka katika sanduku la vyuma chakavu nje ya karakana yake mwenyewe. Mzee aliona alivyoshangaa, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, risasi ya dukani inazama sawa na nati ya bure." Mke akafuta sita, akaandika tatu.

Kutoka kwa mzee huyo walijifunza jambo jingine lililothibitishwa baadaye na wengi. Mtu anayelazimika kusafiri saa moja hanunui ndoana tano. Hununua boksi la mia, na boksi hilo humtosha msimu mzima. Umbali ambao mume aliuhesabu kuwa nafasi ya biashara ulikuwa umekwisha kuwafundisha wateja kuweka akiba nyumbani.

Baada ya wiki sita daftari lilikuwa na watu 61 tofauti, na kati yao 44 walionekana zaidi ya mara mbili. Mke alijumlisha manunuzi ya mwezi uliotangulia ya hao 44, akilinganisha majibu na vitu alivyoviona katika masanduku yao, akapata mafungu 4. Kwa miezi minne ya msimu mbaya, ambapo upepo huchafua maji na gati hubaki tupu, wavuvi walikadiria manunuzi yao yote kuwa fungu 1.5 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hiyo ni mafungu 38, au wastani wa 3.2 kwa mwezi. Hata kama kila mmoja wao angenunua kila kitu katika duka jipya bila kukosa siku moja, duka lisingefika theluthi ya lengo lake.

Ilibaki hoja ya wavuvi wa nyavu, ambao walikuwa wengi na walitumia vifaa vingi zaidi: nyuzi za kushonea nyavu, kamba, maboya, vizamisho. Mume alikwenda mwaloni siku nne mfululizo, akarudi na jibu ambalo halikuwa katika orodha ya msambazaji. Wengi wao hupewa nyuzi na nyavu na wanunuzi wa samaki, kisha hukatwa deni lao kidogo kidogo kila wanapopakua. Mpango wa namna hii hupatikana katika uvuvi mdogo sehemu nyingi za dunia, na hufunga pamoja mkopo, zana na soko la samaki. Duka linalodai fedha taslimu haliwezi kuingia hapo kwa kupunguza bei tu. Lingelazimika kukopesha kwa daftari watu ambao mavuno yao ya kesho ni ahadi kwa mtu mwingine.

Kilichokuwamo ndani ya kifurushi

Kati ya mafungu 28 ya kifurushi, 13 yalikuwa fimbo na rili (vifaa vya kukunjia mshipi kwenye fimbo), 8 yalikuwa chambo bandia za rangi na maumbo mbalimbali, 4 yalikuwa mishipi, na 3 tu yalikuwa ndoana, chubwi, maboya madogo na pete za kuzuia mshipi kusokoteka. Daftari la gatini lilionyesha karibu kinyume chake: katika kila manunuzi kumi, manane yalikuwa ndoana, mshipi au chambo cha kawaida. Robo tatu ya mtaji ingelala katika vitu ambavyo mtu hununua mara moja kwa miaka kadhaa, na chambo cha kawaida, ambacho mvuvi hukihitaji kila anapokwenda majini, hakikuwamo kabisa.

Mke alifanya hesabu anayoifanya kwa dawa. Mauzo ya mafungu 38 kwa mwaka yana gharama ya ununuzi ya takriban 25.3. Ukigawanya kwa mali ya 28 unapata 0.9, maana yake mali ingekaa rafuni zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kugeuka fedha. Na mali ya uvuvi haikai bure. Mshipi wa nailoni hudhoofishwa na mionzi ya jua, hivyo ule unaopangwa dirishani ili wapita njia wauone ndio unaoharibika kwanza. Ndoana hushika kutu katika hewa yenye unyevu. Chambo bandia laini zilizotengenezwa kwa plastiki tofauti, zikihifadhiwa pamoja, huweza kuyeyushana na kugandana. Ongeza hapo wingi wa aina: ndoana peke yake, kuanzia ukubwa wa namba 12 hadi 4/0 katika maumbo matatu, ni aina thelathini na zaidi kabla hujagusa mshipi hata mmoja.

Maamuzi na sababu zake

Walikuwa na njia tatu mbele yao: kufungua duka, kuacha kabisa, au kujaribu kwa kiasi ambacho kingepotea bila kuwaumiza. Mume alikuwa na huzuni ya wazi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona jina la duka mlangoni, na nadhani ni haki kusema kwamba hesabu haikumwondolea hamu ile. Ilimfanya tu akubali kusubiri.

Jambo lililofungua njia ya tatu lilitoka katika safu ya saa ya daftari la gatini. Mke aligundua kwamba karibu nusu ya watu waliokosa kitu walikikosa kabla ya mapambazuko: mshipi umekatika kwenye fundo la mwisho, minyoo imekufa, ndoana zimesahauliwa nyumbani. Saa hizo duka la kawaida limefungwa, na mume asingeweza kusimama dukani tangu saa kumi alfajiri hadi jioni. Lakini kituo cha mafuta kilicho karibu na gati kilikuwa wazi usiku kucha, na wenye mashua walipita hapo kila siku. Waliongea na mwenye kituo, wakakubaliana: kabati moja la kioo lenye kufuli, lililowekwa mbali na dirisha, na kamisheni ya asilimia 15 ya mauzo.

Hesabu ya kabati ilikuwa nyepesi. Faida ghafi ni theluthi, yaani asilimia 33.3, ukitoa kamisheni zinabaki 18.3. Usafiri na upotevu ni fungu 0.2 kwa mwezi, hivyo mauzo ya takriban fungu 1.1 yangelilipia kabati. Mume akijilipa 0.3 kwa jioni mbili za wiki za kujaza na kukagua mali, kiwango kingekuwa 2.7. Viwango vyote viwili vilikuwa chini ya makadirio ya mji, na mtaji ulikuwa mafungu 6 badala ya 28.

Mali ilichaguliwa kutoka kwenye daftari la gatini, wala orodha ya msambazaji haikufunguliwa. Walichagua aina 42: ndoana za umbo moja katika namba sita, mishipi ya nailoni ya nguvu nne, chubwi, maboya, pete, waya wa kuzuia samaki wenye meno wasikate mshipi, na sanduku la minyoo. Mishipi ya florokaboni, plastiki tofauti na nailoni, iliachwa. Ni kweli kwamba haionekani kwa urahisi majini, kwa kuwa kipeo chake cha kupinda mwanga, takriban 1.42, kiko karibu na cha maji, 1.33, kuliko kile cha nailoni. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale 44 aliyewahi kuinunua. Samaki wadogo walio hai wa kutumika kama chambo waliachwa pia, kwa sababu kuwahamisha kutoka maji haya hadi maji yale kunaweza kupeleka magonjwa na spishi ngeni, na sheria za uvuvi za mahali pengi hulidhibiti jambo hilo.

Kabla ya kuagiza chochote walikwenda kwenye ofisi inayosimamia uvuvi kuuliza kilichokatazwa. Nasisitiza hatua hii. Chubwi za risasi, kwa mfano, ni sumu kwa ndege wa majini wanaozimeza, na Uingereza ilikataza uuzaji wa chubwi nyingi za risasi kwa wavuvi wa mshipi tangu 1987. Mwenye duka anayejaza rafu bila kuuliza anaweza kubaki na mzigo ambao haruhusiwi kuuuza.

Mwisho waliandika kanuni mbili, wakazibandika ndani ya mlango wa kabati. Kama wastani wa miezi sita mfululizo utakuwa chini ya fungu 1.1, kabati linaondolewa. Kama mauzo yatafika mafungu 5 katika miezi mitatu kati ya minne ya msimu mbaya, wazo la duka linafufuliwa.

Mume aliongeza huduma moja ambayo haikuhitaji rafu: kutengeneza rili. Alikuwa na vifaa na mikono iliyozoea vyuma vidogo, na gatini alikuwa ameona rili nyingi zilizokauka grisi au ambazo breki zake zimeshikana kwa mchanga na chumvi ya jasho, huku wenyewe wakifikiria kununua mpya.

Matokeo ya mwaka wa kwanza

Mwezi wa kwanza kabati liliuza fungu 1.4. Mwezi ulio bora ulifika 3.1, na ulio mbaya ulishuka hadi 0.7. Wastani wa mwaka ulikuwa 1.9. Baada ya kamisheni, usafiri na upotevu, mume alibakiwa na takriban fungu 0.15 kwa mwezi, nusu ya ujira aliokuwa amejiwekea. Mali, ambayo kwa wastani ilikuwa mafungu 5, iligeuka mara tatu kwa mwaka. Kutengeneza rili kuliingiza wastani wa fungu 0.5 kwa mwezi bila mtaji wa maana, na kazi ya injini iliendelea kama zamani. Hakuna kanuni yoyote kati ya zile mbili iliyotimia.

Matatu hayakwenda vizuri. Wahudumu wa kituo, ambao hawakuwa wavuvi, waliuza ndoana zisizo sahihi wiki baada ya wiki. Namba za ndoana huwachanganya wasiozizoea: kuanzia 12 kuelekea 1 ndoana inakuwa kubwa kadiri namba inavyopungua, lakini baada ya hapo, 1/0, 2/0, 3/0, inakuwa kubwa kadiri namba inavyoongezeka, hivyo 2 na 2/0 ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu aliyepewa 2/0 wakati anavua samaki wa midomo midogo amepoteza asubuhi yake. Mke alilimaliza tatizo kwa ubao: aligandisha ndoana halisi ya kila namba, ncha imekatwa, akaandika namba kwa rangi nyekundu chini yake, na mteja akawa ananyooshea kidole.

Minyoo ilikufa mara mbili. Minyoo hutaka ubaridi, giza na udongo wenye unyevu usiotota. Wahudumu walilisogeza sanduku nyuma ya jokofu la vinywaji wakidhani ni mahali pa baridi, kumbe ndipo joto la mashine linapotokea. Siku ya pili harufu ilijaza chumba chote, na wavuvi waliokwisha kuja alfajiri kwa ajili ya minyoo walipotea kwa muda wa wiki tatu.

La tatu lilimhusu mume. Mwezi wa saba msambazaji alimpa punguzo la nusu bei kwa katoni ya chambo bandia, naye akanunua za fungu 1.5 bila kumwambia mkewe. Mwaka ulipoisha theluthi mbili zilikuwa bado zinaning'inia, baadhi zimelainika na kushikana. Faida yote ya kabati kwa miezi kumi na miwili, bila rili, ilikuwa takriban mafungu 1.8, fungu 1 katika hilo lilikuwa limegeuka plastiki isiyouzika.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya yote ni kuhesabu manunuzi yaliyokwisha kufanyika na vitu vilivyopotea, kuliko kuhesabu vichwa vya watu. Watu thelathini gatini ni picha ya kuvutia, lakini picha hiyo haionyeshi boksi la ndoana mia lililoko nyumbani, wala nati ya bure, wala deni la mvuvi wa nyavu kwa mnunuzi wake. Ningemshauri mtu yeyote anayefikiria duka la namna hii aanze na kitu kinachopotea majini, aulize mbadala wake ni nini na unagharimu kiasi gani, kisha ndipo aende kwa msambazaji.

Kuuweka ujira wa mume ndani ya gharama kulibadilisha jibu zaidi ya jambo lingine lolote. Gharama zilipanda kutoka 1.8 hadi 3.5 kwa sababu ya mstari huo mmoja. Wapo watakaosema kwamba mwenye duka hujilipa baadaye, duka likishakua. Hoja hiyo inaweza kumfaa mtu asiye na kazi nyingine, lakini fundi mwenye wateja alikuwa analipia duka kwa kazi yake tangu siku ya kwanza, hata kama hakuna risiti.

Kanuni zilizoandikwa mapema zilisaidia katika mwezi wa 0.7. Mume alitaka kuliondoa kabati kwa kukata tamaa, na wiki chache kabla, katika mwezi wa 3.1, alitaka kukodi chumba. Mara zote mbili mke alifungua mlango wa kabati na kumwonyesha karatasi. Kanuni haikuwa na hekima ya ajabu ndani yake. Iliandikwa siku ambayo hawakuwa na furaha wala hofu, na hilo lilitosha.

Upungufu mkubwa wa utafiti ulikuwa wakati wake. Wiki sita zote ziliangukia msimu mzuri, na makadirio ya msimu mbaya yalitegemea kumbukumbu za wavuvi, ambao wakiketi juani na samaki ndooni hukumbuka miezi ya upepo kuwa na nafuu kuliko ilivyokuwa. Lile fungu 1.5 lilikuwa matumaini. Kwa bahati kosa hili halikugeuza uamuzi, kwa kuwa pengo kati ya 3.2 na 10.5 lilikuwa pana mno, lakini pengo lingekuwa jembamba lingewaponza.

Upungufu wa pili ni wangu pia. Tulichunguza wavuvi, mali, saa na sheria, tukasahau mtu atakayesimama kati ya mali na mvuvi. Hakuna aliyeuliza kama mhudumu wa kituo anajua kutofautisha ndoana, au kama ana nafasi ya kutunza kiumbe hai. Kabati lilibeba maarifa yote ya mume isipokuwa yale yaliyokuwa kichwani mwake, na ilichukua miezi minne kuyahamishia kwenye ubao.

Kuhusu katoni ya punguzo, nimesita kuliita kosa la nidhamu peke yake. Mume alijua kanuni za kuondoa kabati na za kufungua duka, lakini hapakuwa na kanuni ya kununua. Sasa ipo: hakuna aina mpya inayoingia kabatini mpaka watu watatu tofauti wameiulizia na majina yao yameandikwa daftarini, na agizo lolote linalozidi nusu fungu linatiwa saini na wote wawili.

Chumba kilicho hatua mia mbili kutoka gatini kimekwisha kupata mpangaji mwingine, mshonaji nguo. Mwenye mashine ya barafu huko mwaloni ameomba kabati la pili, kwa ajili ya nyuzi, kamba na maboya, na amependekeza yeye ndiye akopeshe na kukusanya madeni. Upepo wa msimu mbaya umekwisha kuanza, na safari hii wameamua kuhesabu katikati yake. Daftari liko wiki ya tatu, na mke ameongeza safu ya nne kwa ajili ya vitu ambavyo wavuvi hujitengenezea wenyewe.